Afrobeat na Afrobeats: Historia ya Lugha katika Muziki wa Nigeria

Kati ya Afrobeat na Afrobeats ipo tofauti ya herufi moja tu, na wengi wasemapo juu ya muziki wa Afrika ya Magharibi huyatumia majina hayo mawili kana kwamba ni jina moja. Hata hivyo, herufi hiyo imebeba historia ya miaka arobaini na zaidi. Jina la kwanza lilitolewa na mwanamuziki wa Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa nia ya kuutenga muziki wake na muziki wa wengine. Jina la pili lilienezwa mjini London, mnamo mwaka 2011, kwa nia ya kuwakusanya chini ya mwavuli mmoja wanamuziki wengi ambao wenyewe hawakuwa wameomba kukusanywa.

Mashabiki wa muziki huu wamegawanyika. Waliokua na sahani za santuri za Fela Anikulapo-Kuti husema kwamba vijana wa leo wana mdundo lakini hawana neno. Vijana nao hujibu kwamba wamefika mahali ambapo wazee wao hawakufika. Makala haya hayakusudii kuamua ni kundi lipi lenye muziki mtamu zaidi, kwani utamu hauamuliwi kwa hoja. Yanakusudia kuichunguza historia hiyo kwa upande unaowahusu wanalugha, na kuonyesha kwamba muziki wa Nigeria umepitia zamu tatu za kuchagua lugha ya kuimbia, na kwamba hilo "neno" linalogombaniwa haliwezi kupimwa bila ya kuzitambua zamu hizo.

Zamu ya kwanza: Kiyoruba na mahadhi yake

Wamisionari wa Kiingereza walipoanza kazi yao miongoni mwa Wayoruba katika karne ya 19, walizitafsiri nyimbo zao za kanisani katika Kiyoruba huku wakiyaacha mahadhi yake ya Kizungu kama yalivyokuwa. Jambo hilo lilizua tatizo kubwa, kwa kuwa Kiyoruba ni lugha ya toni. Silabi hutamkwa kwa toni ya juu, ya kati au ya chini, na toni ikibadilika maana nayo hubadilika. Neno *ọkọ*, likiwa na toni za kati, lina maana ya mume. Silabi yake ya mwisho ikipandishwa, *ọkọ́*, huwa jembe. Ikishushwa, *ọkọ̀*, huwa chombo cha kusafiria. Basi mahadhi yanayopanda mahali ambapo neno linashuka huweza kumfanya mwumini aimbe jambo ambalo hakulikusudia kabisa.

Mmoja wa waliolitambua tatizo hilo na kulitafutia dawa alikuwa Josiah Jesse Ransome-Kuti (1855–1930), mchungaji wa Kianglikana wa Abeokuta. Huyu alitunga nyimbo za dini ambazo mahadhi yake yaliifuata lugha, badala ya kuilazimisha lugha iyafuate mahadhi. Mwaka 1922 alisafiri hadi London, akaziimba baadhi ya nyimbo zake mbele ya mitambo ya Zonophone, iliyokuwa mali ya Kampuni ya Gramophone. Msomaji wa Afrika ya Mashariki atakumbuka kwamba kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Unguja mjini Bombay mwaka 1928, akiimba taarabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo katika pande zote mbili za bara, sauti za awali za lugha zetu zilizohifadhiwa katika santuri zilihifadhiwa ughaibuni, kwa mitambo ya wageni na kwa faida ya wageni. Lakini zilihifadhiwa katika lugha zenyewe, wala hapana aliyemtaka mchungaji huyo au Siti aimbe Kiingereza ili asikilizwe.

Zamu ya pili: Mjukuu na Pijini

Fela alikuwa mjukuu wa mchungaji huyo. Alizaliwa Abeokuta mwaka 1938, na mwaka 1958 alipelekwa London kusoma. Huko alijiunga na chuo cha muziki cha Trinity, akaunda bendi ya Koola Lobitos iliyopiga muziki wa highlife uliochanganywa na jazi. Aliporudi nyumbani aliukuta ulimwengu unabadilika. Highlife, ambayo E. T. Mensah na bendi yake ya Tempos ya Ghana walikuwa wameieneza katika miaka ya 1950, ilikuwa ikisukumwa kando na muziki wa soul wa Wamarekani weusi. Geraldo Pino wa Sierra Leone aliupiga muziki wa James Brown kwa ufundi uliowavutia sana vijana wa Accra na Lagos. Mwaka 1966 Orlando Julius alitoa mkusanyiko ulioitwa *Super Afro Soul*. Jina hilo pekee latosha kuonyesha kwamba ndoa ya soul na muziki wa Kiafrika haikufungwa jana, kama baadhi ya mashabiki wa leo wanavyodhani.

Jina la Afrobeat lilizaliwa katika mazingira hayo. Kwa Fela, jina hilo lilikuwa njia ya kukataa kuitwa mwigaji. Mwaka 1969 alikwenda Marekani na bendi yake, akakutana mjini Los Angeles na Sandra Smith, aliyekuwa mfuasi wa Black Panther, naye akamfungulia mlango wa maandishi ya Malcolm X na ya wapigania haki wengine. Muziki ukabadilika pamoja na mawazo. Ngoma za Tony Allen zikapewa nafasi ya kuongoza, magitaa yakarudiarudia sauti chache bila kuchoka, tarumbeta na saksafoni zikajibizana, na wimbo mmoja ukaweza kuchukua upande mzima wa santuri.

Mwanzoni Fela aliimba kwa Kiyoruba na kwa Kiingereza. Wimbo uliompatia umaarufu nchini mwake mwaka 1971, *Jeun K'oku*, ulikuwa wa Kiyoruba. Lakini katika miaka iliyofuata, katika nyimbo kama *Lady* (1972) na *Gentleman* (1973), aligeukia Pijini ya Nigeria, na Pijini ikawa lugha yake kuu hadi alipofariki mwaka 1997. Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa makini. Kiyoruba kilieleweka na Wayoruba, lakini si na Mwigbo, Mhausa, wala Mghana. Kiingereza sanifu kilikuwa lugha ya shule na ya serikali. Pijini ndiyo iliyosemwa sokoni, bandarini, kambini na ndani ya basi, na watu wa makabila mbalimbali.

Wengi wa waliokwenda shule waliiona Pijini kuwa Kiingereza kibovu. Maoni hayo hayana msingi katika isimu. Ingawa maneno yake mengi yametokana na Kiingereza, Pijini ina sarufi yake yenyewe, na baadhi ya maneno yake ni ya kale kuliko utawala wa Waingereza. *Sabi*, yaani kujua, na *pikin*, yaani mtoto, ni urithi wa Wareno waliofanya biashara katika pwani hiyo. Fela hakuichagua Pijini kwa kukosa Kiingereza. Aliichagua kwa sababu alitaka kueleweka na watu ambao serikali haikuwa ikisema nao.

Naam, alieleweka, na kueleweka huko kulikuwa na gharama. Mwanzoni mwa 1977 serikali ya kijeshi iliandaa mjini Lagos tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, FESTAC. Fela alikataa kushiriki. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametoa wimbo *Zombie*, unaowafananisha askari na maiti waendao kwa amri. Tarehe 18 Februari, siku chache baada ya tamasha kufungwa, askari waliizunguka nyumba yake, aliyoiita Jamhuri ya Kalakuta, wakawapiga waliokuwamo na kuiteketeza. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mpigania haki za wanawake aliyejulikana nchini kote, alitupwa kutoka dirishani, na mwaka uliofuata alifariki kutokana na majeraha aliyoyapata. Haifai kudhani kwamba nyumba ilichomwa kwa sababu ya mdundo. Ilichomwa kwa sababu ya maneno, na maneno hayo yalisikika kambini kwa kuwa yaliimbwa katika lugha ambayo askari wenyewe waliisema.

Zamu ya tatu: Vijana na lugha zote

Tangu mwaka 1986, mpango wa kurekebisha uchumi na kuporomoka kwa thamani ya naira vilifanya bendi kubwa za tarumbeta na magitaa ziwe mzigo mzito wa kuubeba. Vijana wa miaka ya 1990 waliamua kutumia walichokuwa nacho: vinanda vya umeme, kompyuta, na mtindo wa kughani uliotoka Marekani. Nchini Ghana, Reggie Rockstone alianza kughani kwa Kitwi, na muziki huo ukaitwa hiplife. Mjini Lagos vijana walichanganya Kiingereza, Pijini na Kiyoruba katika ubeti mmoja, kama walivyozungumza mitaani. Sambamba nao walikuwapo walioishika njia ya soul. Asa, katika mkusanyiko wake wa kwanza wa mwaka 2007, aliimba kwa Kiyoruba na kwa Kiingereza, bila kukifanya Kiyoruba kuwa pambo la Kiingereza.

Jina jipya lilikuja baadaye, tena kutoka mbali. Abrantee, mtangazaji wa redio wa London mwenye asili ya Ghana, anahesabiwa kuwa miongoni mwa waliolieneza jina Afrobeats kuanzia 2011. Mwaka 2012 wimbo wa D'banj, *Oliver Twist*, uliingia katika kumi bora za Uingereza. Wizkid alifuata na *Ojuelegba* (2014), unaoitwa kwa jina la mtaa wa Lagos, na mwaka 2016 akashirikiana na Drake katika *One Dance*, ulioshika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Burna Boy, ambaye babu yake Benson Idonije alikuwa meneja wa kwanza wa Fela, alipata tuzo ya Grammy mwaka 2021. *Calm Down* wa Rema, katika toleo aliloimba na Selena Gomez, ulifika nafasi ya tatu Marekani mwaka 2023.

Hata hivyo, wenye jina hawakuridhika nalo. Burna Boy amependelea kuuita muziki wake Afro-fusion, Rema ameuita wake Afrorave, na mwaka 2024 Wizkid alikataa hadharani kufungwa ndani ya jina la Afrobeats. Malalamiko hayo si majivuno matupu. Jina la mwavuli humrahisishia muuzaji kazi yake, lakini huficha kwamba chini ya mwavuli huo wamo Wayoruba, Waigbo, Waakan na wengineo, kila mmoja na lugha yake na mapokeo yake. Asake, kwa mfano, aliyetoa mkusanyiko wake wa kwanza mwaka 2022, anaimba kwa Kiyoruba kingi na kwa mapokeo ya fuji. Fuji, iliyopewa jina na Sikiru Ayinde Barrister, ilitokana na nyimbo za kuwaamsha Waislamu wale daku wakati wa Ramadhani. Msomaji wa pwani, aliyezoea ngoma za daku za Lamu au Mombasa, ataielewa asili hiyo mara moja. Jina la Afrobeats halimwambii chochote juu yake.

Swali la neno

Sasa yawezekana kulirudia lalamiko la wazee. Kama kwa "neno" wanakusudia hotuba ya siasa, ni kweli kwamba nyimbo nyingi za leo ni za mapenzi na starehe, ingawa hata hilo lina wakosaji wake. Lakini kama kwa "neno" inakusudiwa lugha yenyewe, hukumu yao hugeuka. Mwaka 1997 Seyi Sodimu aliimba *Love Me Jeje*, wimbo ambao Tems aliufufua mwaka 2024 kwa sauti ya soul, akapata tuzo ya Grammy mwezi Februari 2025. *Jẹ́jẹ́* ni neno la Kiyoruba lenye maana ya polepole, kwa upole, na kama "polepole" yetu, hupata nguvu yake kwa kurudufishwa. Neno hilo limesafiri duniani bila kutafsiriwa. Mchungaji wa Abeokuta alikwenda London akihitaji mitambo ya wenyeji. Vijukuu wa zama zake huimba huko katika kumbi zilizojaa, na wasiojua Kiyoruba huwaitikia kwa Kiyoruba.

Hatari ipo, lakini si ile inayotajwa na wazee. Hatari ni kwamba neno laweza kupendwa kwa sauti yake likapoteza maana yake. Msikilizaji wa mbali hadai maana, na mtunzi asiyedaiwa maana huweza kuacha kuitoa. Toni zilizolindwa na babu zaweza kufutwa na mjukuu bila yeyote kulalamika, kwa kuwa wengi wa wasikilizaji hawazisikii. Fela aliadhibiwa kwa sababu alieleweka. Mwimbaji wa leo aweza kutuzwa bila ya kueleweka, na ni vigumu kusema ni lipi kati ya hayo mawili linaloitesa lugha zaidi.

Jambo hili haliko mbali na Kiswahili. Mwaka 2014 Diamond Platnumz wa Tanzania aliurudia wimbo wake *Number One* pamoja na Davido wa Nigeria, na wengi wa Afrika ya Magharibi walikisikia Kiswahili cha bongo fleva kwa mara ya kwanza kupitia mlango huo. Waimbaji wa Nairobi na Dar es Salaam sasa wanalitazama soko hilohilo, na kishawishi cha kuyapunguza maneno ili kumridhisha asiyeyajua kitawafikia wao pia, kama hakijawafikia.

Wajibu wa wanalugha ni dhahiri. Tenzi za pwani zimefika mikononi mwa wasomi kwa sababu walikuwapo walioziandika, wakazifafanua na kuzihifadhi. Nyimbo za kizazi hiki zimehifadhiwa kama sauti, lakini maneno yake mengi husambazwa yakiwa na makosa, bila alama za toni na bila maelezo ya asili yake. Kuyaandika kwa usahihi, pamoja na lugha yake, mtaa wake na maana yake, ni kazi ya idara za lugha za Kiafrika, nayo yafaa ianze wakati waliozitunga nyimbo hizo wangali hai na waweza kuulizwa.