Tolpuddle: kanisa la mawe na kikanisa cha udongo

Kuta za kikanisa cha zamani cha Tolpuddle zilijengwa kwa udongo uliokandwa pamoja na majani makavu, ukapandishwa tabaka juu ya tabaka. Vibarua wa mashamba ndio waliokijenga, mwaka 1818, katika kijiji hiki cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Chumba ni kimoja tu, na kidogo. Lakini humo ndimo maskini wa Tolpuddle walimojifunza kusimama mbele za watu na kusema.

Kabla ya hapo kijiji kilikuwa na nyumba moja ya ibada, kanisa la Mtakatifu Yohane. Sehemu zake za kale ni za karne ya 12. Jina lenyewe la kijiji linatokana na Tola, mjane wa karne ya 11 aliyeiachia abasia ya Abbotsbury ardhi yake kando ya mto Piddle. Tangu wakati huo ardhi na dini vilikwenda pamoja. Katika kanisa la mawe kasisi alihubiri, mabwana wenye mashamba walikuwa na heshima zao, na kibarua alisikiliza.

Wamethodisti walikuja na utaratibu mwingine. Waumini waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake, na kila mtu alichanga peni moja kwa wiki. Mlei yeyote mwenye kipawa aliweza kuhubiri. George Loveless, kibarua wa jembe aliyejisomea mwenyewe, akawa mhubiri, na mdogo wake James naye vilevile.

Ujira ndio uliowasukuma mbali zaidi. Vibarua walikuwa wakilipwa shilingi 9 kwa wiki. Zikashuka hadi 8, kisha 7, na wakaambiwa zitafika 6. Kwa maelezo ya Loveless, Kasisi Thomas Warren alikuwa shahidi waajiri walipoahidi ujira sawa na wa maeneo mengine, lakini baadaye akakana.

Mwaka 1833 wakaunda chama chao. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na mchango peni moja kwa wiki, kiasi kilekile walichozoea kutoa kikanisani. Wanachama wapya walifungwa kitambaa machoni, wakala kiapo, kisha wakaibusu Biblia.

Kiapo hicho ndicho kilichowaponza. Chama cha wafanyakazi hakikuwa kosa kisheria, lakini hakimu James Frampton, mwenye mashamba makubwa, aliichimbua sheria ya mwaka 1797 dhidi ya viapo vya siri, iliyotungwa baada ya maasi ya wanamaji. Tarehe 24 Februari 1834 wakakamatwa watu sita: George na James Loveless, Thomas Standfield na mwanawe John, James Brine, na James Hammett. Mwezi uliofuata walihukumiwa miaka 7 ya uhamishoni Australia.

London ililipuka kwa hasira. Tarehe 21 Aprili maelfu ya wafanyakazi waliandamana wakidai waachiliwe, na mwaka 1836 serikali ikawasamehe. Waliporudi, watano walihamia Kanada. Hammett peke yake ndiye aliyemalizia maisha yake Dorset.

Kikanisa cha udongo kilipitwa na wakati. Wamethodisti walijenga kingine, cha kudumu zaidi, katika miaka ya 1860, na mwaka 1912 lango la kumbukumbu ya wale sita likasimamishwa mbele yake. Kile cha kwanza kiligeuka banda la shamba, na kwa zaidi ya miaka 100 kilihifadhi vitu vya mkulima mahali palipokuwa pakiombewa. Mwaka 2015 taasisi ya hisani iliyoundwa kwa ajili hiyo ilikinunua ili kikarabatiwe.

Hammett alifariki mwaka 1891 katika nyumba ya maskini mjini Dorchester. Alizikwa Tolpuddle, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohane. Jiwe la kaburi lake lilichongwa na msanii Eric Gill na kuwekwa mwaka 1934, miaka 100 baada ya hukumu. Kila Julai wanachama wa vyama vya wafanyakazi hufika kijijini na bendera zao, wakaingia katika uwanja wa kanisa la mawe, na kuweka mashada ya maua juu ya kaburi la kibarua huyo.