Bunduki ya shabaha: ununuzi na uandaaji wake katika kitongoji cha Golf, Lubumbashi

Bunduki ya shabaha ni bunduki iliyotengenezwa kutoboa karatasi. Haikuundwa kwa ajili ya windo wala vita, na kila kipande chake, kuanzia tako hadi ncha ya mtutu, kina kazi moja: kumwezesha mpigaji kurudia tendo lile lile mara 60 bila kupotoka. Mashindano ya kimataifa husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF), lenye makao yake Munich, Ujerumani. Katika Olimpiki bunduki hizi ni za aina mbili. Moja ni ya upepo, yenye risasi za milimita 4.5, hupigwa kwa umbali wa mita 10 na haipaswi kuzidi kilo 5.5, nayo iliingia Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Nyingine ni ya baruti, yenye risasi za milimita 5.6, hupigwa kwa umbali wa mita 50 na huruhusiwa kufika kilo 8. Makala hii inamtazama mkazi wa Golf anayetaka kununua bunduki yake ya kwanza ya mashindano, na inashikilia kwamba kwa mahali hapa chaguo lenye maana ni bunduki ya upepo, na kwamba fedha na muda wa mnunuzi vielekezwe zaidi katika kuilinganisha bunduki na mwili wake kuliko katika kutafuta jina kubwa la kiwanda.

Golf kilipata jina lake kutokana na uwanja wa gofu, na ni kitongoji cha nyumba zenye malupango mapana, yaani nyua, na kuta ndefu. Lakini ukuta hauzuii mlio, na Lubumbashi ni mji unaoujua mlio wa bunduki kwa uchungu. Kabla ya Wabelgiji kuanzisha mji mwaka 1910 na kuuita Élisabethville, mfalme Msiri wa Bunkeya alikuwa amejenga dola lake la Garenganze kwa kubadilishana pembe za ndovu na shaba kwa magobori na baruti, zilizoletwa na wafanyabiashara wa pwani ya mashariki na wale wa Bihe upande wa magharibi, mpaka alipouawa kwa risasi Desemba 20, 1891. Katika miaka ya kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963, askari wa Tshombe, kiongozi wa kujitenga huko, na wale wa Umoja wa Mataifa walipigana ndani ya mji wenyewe. Machi 23, 2013 wapiganaji wa Kata Katanga, kundi lililodai Katanga ijitenge, waliingia mjini na risasi zikalia tena. Mtu aliyepitia siku hizo hawezi kuambiwa azoee milio ya baruti kutoka kwa jirani kila Jumamosi asubuhi, hata akielezwa kwamba ni michezo. Bunduki ya upepo hutoa mlio mfupi na mkavu ambao hupotea kabla ya kufika nyumba ya tatu. Kwangu hiyo ni sababu ya kwanza ya kuichagua, na ni sababu ya utu kabla ya kuwa ya ufundi.

Sababu ya pili ni sheria na njia ya mzigo. Amri-sheria namba 85-035 ya Septemba 3, 1985, iliyotolewa enzi za Mobutu, iliweka utaratibu wa silaha na risasi nchini, na juu yake Kongo imetia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 na Mkataba wa Kinshasa uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, yote miwili ikilenga kudhibiti silaha ndogo. Mnunuzi mwenye busara huihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha tangu siku ya kwanza, huomba jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka, kisha ndipo hulipa. Wengi huvutwa na Afrika Kusini, kwa kuwa sheria ya huko ya mwaka 2000 haihesabu bunduki za upepo za kawaida kuwa silaha za moto, hivyo dukani Johannesburg mtu anaweza kuondoka nayo bila leseni. Uhuru huo unaishia mpakani. Kwa barabara, mzigo huo utapita katika nchi nyingine kabla ya kufika mpaka wa Kasumbalesa, na kila nchi ina sheria yake. Unaotoka Dar es Salaam nao utavuka Tanzania na Zambia. Njia ya ndege hadi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hupunguza idadi ya maofisa wanaopaswa kuridhishwa, ingawa haiondoi haja ya karatasi hata moja.

Hapa ndipo tofauti ya risasi inapodhihirika. Mpigaji anayefanya mazoezi ya risasi 60 mara tatu kwa wiki hutumia zaidi ya risasi 9,000 kwa mwaka. Kwa bunduki ya upepo hizo ni makopo kama 19 ya risasi 500 kila moja, na kwa kuwa risasi moja ina uzito wa karibu nusu gramu, mzigo wote wa mwaka hauzidi kilo 5 au 6 za madini yasiyowaka wala kulipuka. Kwa bunduki ya mita 50, idadi ile ile ni maelfu ya risasi zenye baruti, mzigo wa hatari kwa ndege na wa kutiliwa shaka mpakani, unaohitaji kibali kila unapoagizwa. Mchezaji ambaye risasi zake zinategemea sahihi ya ofisa kila baada ya miezi michache hatafanya mazoezi. Atabaki na bunduki nzuri ukutani.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba bunduki ya upepo ni kichezeo cha watoto. Vipimo vyenyewe vinalijibu. Alama ya 10 kwenye shabaha ya mita 10 ni nukta ya nusu milimita. Kwa kuwa risasi ina upana wa milimita 4.5 na inatosha iguse tu ukingo wa nukta, kitovu cha tundu lazima kiwe ndani ya milimita 2.5 kutoka katikati. Tuseme umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni sentimita 70: kilengeo kimoja kikihama kwa chini ya sehemu moja ya tano ya milimita dhidi ya kingine, 10 imekuwa 9. Risasi nayo husafiri kwa kasi ya mita 170 hivi kwa sekunde, polepole kiasi kwamba bado imo mtutuni wakati mpigaji mwenye haraka ameshaanza kulegeza bega. Kwa hiyo bunduki ya upepo husamehe makosa machache kuliko ya baruti. Abhinav Bindra wa India, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa bunduki hii, alijifua kwa miaka katika uwanja uliojengwa nyumbani kwao. Mwaka 2024 dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Ban Hyo-jin wa Korea Kusini akiwa na miaka 16, aliyeanza mchezo huu mwaka 2021. Umri wake haushushi hadhi ya bunduki. Unaonyesha kwamba mazoezi ya karibu na nyumbani, yasiyokatizwa, hufika mbali kwa miaka michache, na uwanja wa mita 10 ni kitu ambacho lupango la Golf linaweza kukibeba.

Katika kuchagua bunduki yenyewe, swali kubwa kwa Lubumbashi ni hewa itatoka wapi. Bunduki mpya za viwanda kama Feinwerkbau, Walther, Anschütz na Steyr hutumia mtungi mdogo uliojazwa hewa hadi baa 200, na hupatikana kwa euro 2,000 hadi 4,000 hivi; za kuanzia hugharimu chini ya nusu ya hapo. Huko Ulaya mpigaji hujazia mtungi wake kwenye klabu au duka la wapiga mbizi. Katika mji ulio mbali na bahari njia ya uhakika ni pampu ya mkono ya shinikizo kubwa, ambayo ni kazi ya jasho lakini haitegemei umeme. Hatari yake ni unyevu. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya Lubumbashi imejaa mvua, na kila msukumo wa pampu huingiza maji kidogo yanayokula mtungi na vali kwa ndani. Kwa hiyo chujio lenye kikaushio ni sehemu ya bei ya bunduki, wala lisiachwe kwa siku nyingine. Na mtungi wenyewe una tarehe ya mwisho iliyopigwa juu yake, ambayo mnunuzi wa bunduki iliyotumika aitazame kabla ya kitu kingine chochote. Ipo njia nyingine ninayoiona bora kuliko inavyosifiwa: bunduki za kizazi kilichotangulia, ambazo mpigaji hukandamiza hewa ya risasi moja kwa kuvuta wenzo mmoja wa pembeni. Hazina mtungi, hazihitaji pampu, na mtutu wake mzuri bado hutoboa tundu juu ya tundu. Wanaozipinga husema kuvuta wenzo mara 60 huchosha na kuvuruga mkao. Ni kweli kwa fainali ya kimataifa. Kwa mwanzo wa miaka miwili au mitatu, uhakika wa kupiga kila siku unazidi usumbufu huo, mradi mihuri ya mpira ipatikane pamoja na bunduki, maana hiyo ndiyo hufa kwanza.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo wanunuzi wengi huiruka: kuilinganisha bunduki na mwili. Tako la bunduki ya mashindano hurefushwa, kufupishwa, kupandishwa na kushushwa kwa skrubu, na kazi hiyo ina mpangilio wake. Huanza na urefu wa tako, ili mkono wa kifyatulio ukae bila kunyooka wala kubanwa. Hufuata bamba la begani, lipandishwe mpaka bunduki ije usoni na kichwa kibaki wima, kwa sababu shingo iliyoinama huchoka na jicho linaloangalia kwa pembe huona vibaya. Mwisho ni sehemu ya shavu. Hiyo ndiyo inayoamua ile sehemu ya tano ya milimita iliyotajwa juu: shavu likikaa mahali tofauti kila risasi, jicho nalo huhama nyuma ya kitundu cha kilengeo, na hakuna mtutu duniani utakaofidia. Kipimo cha kujua kama kazi imekamilika ni rahisi: mpigaji hufumba macho, huinua bunduki na kuituliza begani, kisha hufumbua. Duara jeusi likiwa ndani ya kilengeo bila kusukumwa, bunduki ni yake. Likiwa pembeni, atengeneze kwanza miguu yake, kisha skrubu. Anayepiga kwa mkono wa kushoto atafute bunduki ya kushoto tangu mwanzo. Kujilazimisha upande mwingine ni deni litakalodaiwa miaka yote. Vipimo vyote viandikwe, kwani safari moja ya ndege inatosha kuvilegeza.

Wapo wanaotaka darubini juu ya bunduki, wakiona kwamba bila hiyo fedha zimepotea. Kanuni za ISSF haziruhusu. Kinachotumika ni kitundu kidogo nyuma na pete mbele, na jicho hufanya kazi moja tu ya kuweka duara ndani ya duara. Kifyatulio cha bunduki ya upepo hakina uzito wa chini uliowekwa na kanuni, jambo linalowapeleka wengi kukifanya chepesi mno. Mwanzaji akiache kiwe kizito kidogo, kidole kijifunze kukisikia, apunguze baadaye. Koti na suruali ngumu za mchezo hutegemeza mgongo uliobeba kilo tano kwa zaidi ya saa moja, lakini unene wake hupimwa na waamuzi kabla ya mashindano, kwa hiyo la kuazima au kushonwa kienyeji linaweza kumwondoa mtu mlangoni. Nikipanga matumizi ya fedha, koti zuri hutangulia bunduki ya daraja la juu.

Uwanja wa lupangoni unahitaji mita 10 zilizonyooka, paa, ukuta wa matofali upande wa mwisho usio na mlango wala njia ya mtu, na sanduku la chuma lililoinamishwa la kukamata risasi. Nguvu ya bunduki hizi kwa kawaida haizidi jouli 7.5, ambayo haitaangusha mnyama mkubwa lakini inaweza kutoboa jicho la mtoto, kwa hiyo kamba ya rangi hupitishwa mtutuni wakati wote ambao hakuna anayepiga, na bunduki hulala chini ya kufuli mbali na risasi zake. Madini ya risasi yenyewe ni sumu ya polepole: mikono ioshwe kabla ya kula, na vumbi la sanduku lisimwagwe bustanini. Kwa kuwa umeme wa mji hukatika, shabaha za karatasi zinazopokea mwanga wa mchana zitatumika siku nyingi kuliko mashine. Kila kopo jipya la risasi lijaribiwe kwa mtutu husika kabla ya kununua mengi, maana mitutu miwili ya kiwanda kimoja hupenda risasi tofauti.

Linabaki pingamizi la mwindaji, kwamba bunduki isiyoleta kitoweo haina faida, na la yule anayetaka kuanza moja kwa moja na mita 50. La kwanza linatokana na haja tofauti na hii, na halina ugomvi na mchezo. La pili lina uzito zaidi, kwa sababu kupiga kwa magoti na kwa kulala, na kusoma upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, hakufundishwi ndani ya lupango. Lakini mkao wa kusimama, ulio mgumu kuliko yote matatu ya mita 50, ndio huo huo wa mita 10. Urefu wa tako, kimo cha bamba la begani na mahali pa shavu vilivyoandikwa daftarini huhamishiwa kwenye bunduki kubwa siku ambayo klabu yenye uwanja ulioidhinishwa nje ya makazi itakuwa tayari kuihifadhi.