Namba ya Waya na Unene Wake

Ukienda dukani, msomaji, kununua mabati ya kuezekea nyumba, muuzaji atakuuliza wataka ya geji gani: 28, 30 au 32. Asiyejua hudhani kwamba 32 ndilo bati nene, maana katika hesabu zote alizofundishwa namba kubwa ni ya kitu kikubwa. Kumbe sivyo, hilo ndilo jembamba kuliko yote matatu. Basi mtu aliyeweka akiba miaka miwili kwa ajili ya paa aweza kurudi kwake akifurahi kwamba amepata namba kubwa kwa bei ndogo.

Jambo hili lilianzaje? Yatupasa kurudi Uingereza, katika karakana za wavuta waya. Fundi alitwaa ufito wa chuma, akaichonga ncha yake, akaipenyeza katika tundu la bamba gumu, kisha akaushika kwa koleo na kuuvuta mpaka ukapita wote. Ulitoka mrefu zaidi, na mwembamba zaidi. Akaupitisha katika tundu la pili, dogo kuliko la kwanza, na la tatu, na kuendelea. Waya uliovutwa mara nyingi ulikuwa mwembamba, nao ulipewa namba kubwa. Kwa hiyo namba ile, kwa asili yake, ilihesabu kazi ya mkono, haikupima unene.

Ubaya ni kwamba matundu hulika kwa kutumiwa, na kila karakana ilikuwa na bamba lake. Geji ya mji wa Birmingham ilienea mbali, lakini haikuwa na sheria nyuma yake. Mnamo 1857 Joseph Whitworth, fundi mkubwa wa mitambo, alitoa shauri jepesi: namba na iwe ni sehemu elfu za inchi, hata waya namba 36 uwe na unene wa inchi 0.036. Hata mtoto angaliweza kuelewa. Lakini wafanyabiashara walikuwa wamekwisha zoea namba zao, na mazoea yana nguvu kuliko hesabu. Mwaka huo huo, huko Providence, Marekani, Brown na Sharpe walitengeneza geji yao, ambayo kila namba yapungua kutoka ile iliyotangulia kwa uwiano ule ule. Kazi yao ilikuwa nzuri, ila iliongeza ngazi nyingine juu ya zile zilizokuwapo. Serikali ya Uingereza ikaweka geji ya sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi, 1884.

Tazama matokeo. Waya namba 10 wa Birmingham una unene wa milimita 3.40, wa sheria ya Uingereza, 3.25, wa Marekani, 2.59. Nyaya tatu, jina moja! Ukikata ule wa tatu na kuutazama uso wake, hauna hata theluthi mbili za shaba iliyomo katika ule wa pili. Nao ukibebeshwa umeme ule ule utapata moto zaidi. Tena mwaka 1893 Bunge la Marekani liliweka geji nyingine kwa mabamba ya chuma peke yake, nayo ilitokana na uzito. Na waya wa piano, wenyewe huhesabiwa kinyume: namba ikikua, unene nao wakua. Hapo hata mwenye subira huchoka.

Milimita haina fumbo kama hilo. Kwa kipimo cha 1884, namba 28 ni milimita 0.376, namba 30 ni 0.315, na namba 32 ni 0.274. Lakini bati la Marekani lililopakwa zinki, likiitwa namba 30, lina karibu milimita 0.40, yaani nene kuliko namba 28 ya Uingereza. Hivyo, msomaji, muuzaji akikutajia geji, mwulize ni milimita ngapi, nawe upime ukingo wa bati kabla hujatoa fedha.