Gando na Beleshi: Hoja kuhusu Tiba ya Kelesheni kwa Sumu ya Risasi

Watoto wa Bagega, kijiji cha jimbo la Zamfara kaskazini-magharibi mwa Nigeria, walingoja zaidi ya miaka miwili huku wenzao wa vijiji jirani wakimeza dawa ya kutoa risasi mwilini. Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza kutibu jimboni humo mwaka 2010 baada ya mamia ya watoto kufa, walikataa kuanza tiba Bagega kabla udongo wake haujasafishwa. Usafishaji ulianza 2013. Kwa mbali, uamuzi huo unafanana na ukatili. Nashikilia kwamba ulikuwa sahihi kitabibu, na kwamba sababu zake zinafichua kosa tulilolizoea: tunaipima kelesheni, yaani tiba hiyo ya kutoa metali mwilini, kwa namba ya risasi kwenye damu, na namba hiyo ni shahidi asiyekumbuka mengi zaidi ya yaliyotukia mwezi uliopita.

Neno kelesheni lina asili ya Kigiriki, katika jina la gando la kaa. Wanakemia Morgan na Drew walilitumia mwaka 1920 kueleza molekuli inayoibana atomi ya metali kwa pande mbili. Dawa ya kwanza mashuhuri ya jamii hii ilizaliwa vitani, pale Rudolph Peters na wenzake wa Oxford walipotafuta kinga dhidi ya lewisite, gesi ya sumu yenye aseniki. Siku hizi mtoto mwenye sumu ya risasi hupewa zaidi saksima, ambayo wafamasia huijua pia kwa herufi DMSA: dawa ya kumeza yenye harufu ya mayai viza, na mama aliyewahi kumbembeleza mtoto aimeze hahitaji kuelezwa zaidi.

Gando hubana kilicho karibu nalo. Risasi iliyomo kwenye damu hubanwa, hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Tatizo ni kwamba damu ni njia tu. Maskani ya risasi ni mifupa, ambayo huipokea kana kwamba ni kalsiamu. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote ya mwilini imo humo, na huweza kukaa kwa miongo. Dozi ikikatika, mfupa huanza kuirudisha kwenye damu. Kiswahili kina neno moja kwa risasi ya bunduki na risasi ya betri, na nadhani neno hilo hutupotosha kidogo: ile ya bunduki hutolewa, jeraha likashonwa, mambo yakaisha.

Takwimu za Zamfara zinaeleza hili vizuri. Katika mwaka wa kwanza na ushei, watoto 1,156 wa umri usiozidi miaka mitano walipewa dozi kamili 3,180 za saksima. Kwa wastani, kiwango cha risasi mwishoni mwa dozi kilikuwa asilimia 74.5 ya kile cha mwanzo. Robo moja, basi. Mtoto aliyeanza na mikrogramu 100 kwa desilita alimaliza akiwa na 75 hivi, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5, na dawa ipewe mtoto anapofikia 45. Ndiyo maana wengi walirudia dozi. Sasa mrudishe mtoto huyo kwenye ua ambako mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa kwa vinu, vumbi likatua kwenye vyungu na mikeka. Robo aliyoipata hospitalini ataipoteza uani.

Upo upinzani wa haki: mtoto anayepata degedege leo hawezi kuisubiri serikali. Nakubali. Huyo hulazwa, na kulazwa kwenyewe ni nusu ya tiba, maana kunamtenga na udongo. Lakini kijiji kizima hakilazwi.

Hata mahali ambapo chanzo kimedhibitiwa kiasi, namba inaweza kushuka bila mtoto kufaidika. Nchini Marekani, watoto 780 wenye mikrogramu 20 hadi 44 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa saksima na wengine dawa bandia. Matokeo ya 2001 yalionyesha damu ikisafika zaidi kwa waliopata saksima, huku akili na tabia zikibaki vilevile. Walipopimwa tena wakiwa na miaka saba, hali haikuwa tofauti. Ubongo ulikuwa umekwisha kuguswa. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, na ndio unaotajwa kwa nadra zaidi na wauzaji wa “kusafisha mwili”.

Wauzaji hao wameigeuza namba kuwa mtego. Humpa mtu mzima dawa ya kelesheni kwanza, kisha humpima mkojo, na kiwango kilichopandishwa na dawa yenyewe hulinganishwa na cha watu ambao hawakunywa kitu. Chama cha wataalamu wa sumu cha Marekani kilikikana kipimo hicho. Madhara si ya mfukoni tu. Kati ya 2003 na 2005 watu watatu walikufa nchini humo, wawili wakiwa watoto, baada ya kuwekewa dawa nyingine ya kelesheni, EDTA ya sodiamu, ambayo huichota kalsiamu kwenye damu hadi moyo ukasimama. EDTA inayotumika kwa sumu ya risasi tayari imeshikana na kalsiamu. Majina ya dawa hizo mbili yanatofautiana kwa neno moja.

Mfano wa karibu nasi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa 2014 baada ya kampeni ya Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Magazeti yalishika tarakimu ya fedha. Daktari anayetaka kumwandikia saksima mtoto wa mtaa ule angeanza na ile amri ya udongo, aulize kama beleshi limeshafika.