Ajira katika benki za biashara, Sumbawanga

Ajira za benki mjini Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, hufuata uchumi wa uwanda wa Ufipa: mahindi, maharage, biashara ya nafaka na mishahara ya watumishi wa umma. Kabla ya sheria ya 1991 kuruhusu benki binafsi, mwanabenki kwa kawaida alikuwa mtumishi wa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC), iliyoundwa 1967 baada ya Azimio la Arusha. NBC iligawanywa 1997, ikazaliwa benki ya NMB. Leo zote mbili, pamoja na benki ya CRDB, zina matawi mjini humo.

Wengi huanzia dirishani wakiwa makeshia: kuhesabu noti, kulinganisha saini, kufunga hesabu jioni bila shilingi kupungua wala kuzidi. Kazi inayodai akili zaidi, pengine, ni ya afisa mikopo. Huyu hutoka ofisini kukagua shamba, ghala na dhamana. Mwalimu aliyekopa hukatwa marejesho kwenye mshahara kila mwezi. Mkulima anayetegemea msimu mmoja wa mvua hupata fedha baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na mkopo usiozingatia hilo humwelemea kabla hajauza gunia.

Shahada ya fedha au uhasibu, mathalani ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), husaidia kuingia. Cheti cha mwanabenki mtaalamu (CPB) cha Taasisi ya Wanabenki (TIOB) husaidia kupanda. Tofauti na hao wote, wakala wa benki mtaani si mwajiriwa: hulipwa kamisheni kwa miamala.