5895: Namba ya Mlima Wetu

Sisi tunaoishi Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro tumekua na namba moja: 5895. Iko kwenye fulana za watalii, iko kwenye kibao cha Kilele cha Uhuru. Ni urefu wa mlima kwa mita, kama ulivyopimwa mwaka 1952. Vipimo vya satelaiti vya mwaka 1999 vilipotoa 5892, wengine wetu tulifadhaika. Je, tulifundishwa uongo?

Tuitazame kwanza kama namba tu. Tarakimu zake, 5, 8, 9 na 5, jumla ni 27. Kwa kuwa 27 hugawanyika kwa 9, na 5895 hugawanyika kwa 9. Inaishia na 5, basi hugawanyika kwa 5 pia. Tukiigawa kwa 45 tunapata 131, ambayo ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa hiyo 5895 ni 3 × 3 × 5 × 131, wala hakuna namba tasa nyingine zitakazoizaa. Hilo halitabadilika hata barafu yote ya Kibo ikiyeyuka.

Urefu wa mlima ni habari nyingine, maana huo hupimwa na watu. Hans Meyer, aliyefika kileleni na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, aliukadiria kuwa mita 6010 hivi. Baadaye ikaja 5895, kisha 5892, ambayo haigawanyiki kwa 9 wala kwa 5. Aliyekuwa ameona siri ya mbinguni katika ile 9 ameipoteza kwa tofauti ya mita tatu. Mlima wenyewe haukusogea.

Tena, mlima ulishuhudiwa kabla ya namba zote hizo. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kibo. Kiongozi wake wa njia aliuita baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alimpinga kwa miaka mingi. Msafara wa Karl Klaus von der Decken wa miaka ya 1861 na 1862 ndio uliothibitisha theluji hiyo. Rebmann hakuwa na kipimo cha kilele, lakini alisema kweli.

Mithali 11:1 inatufundisha kwamba Bwana hupendezwa na mizani ya haki. Mwenye mizani ya haki haogopi kupima tena. Basi watoto wetu wakituuliza, tusione haya. Tuwafundishe kuigawa 5895 mpaka waifikie 131, kisha tuwaambie habari za mwaka 1999. Nasi pia, tunaposahihishwa katika jambo tulilolishika tangu utotoni, tusidhani kwamba Mungu ameondoka pamoja na zile mita tatu.