Mitaa Iliyogeuka Mabweni

Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipokea wanafunzi wake wa kwanza Nairobi mwaka 1956, upande wa magharibi wa mji, chini ya vilima walikoishi Wazungu. Waafrika walikuwa wamepangwa upande wa pili, mashariki: Pumwani tangu miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo, Starehe, Ziwani, Kaloleni, Bahati, Makadara. Umbali kati ya pande hizo mbili si mkubwa. Ukitoka Makadara ukaishika Jogoo Road, ambayo zamani iliitwa Doonholm Road, ukapita City Stadium, Landhies Road, stendi ya mabasi ya Machakos na soko la Wakulima, kisha ukakata katikati ya mji, unafika chuoni kwa miguu kabla saa mbili hazijaisha. Wanafunzi wengi wameutembea mwendo huo, wala si kwa kupenda mazoezi. Nauli ya siku ilikuwa imeshageuka unga.

Historia ya chuo hicho kwa kawaida husimuliwa kwa majina na tarehe. Mwaka 1961 kikawa Royal College Nairobi, kikitayarisha wanafunzi kwa shahada za London. Mwaka 1964 kikaitwa University College Nairobi, ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Mwaka 1970 ndoa hiyo ya nchi tatu ikavunjika, na Nairobi ikabaki na chuo kikuu chake. Yote ni kweli, lakini hayamwambii msomaji mwanafunzi alilala wapi, alikula nini, wala alisomea kwa taa gani. Mtu akiyauliza hayo, jibu humpeleka Eastlands, yaani mitaa hiyo ya mashariki.

Nyumba za mashariki hazikujengwa kwa ajili ya wasomi. Nyingi zilikuwa za chumba kimoja, zikikusudiwa mfanyakazi aliyeacha mke na watoto mashambani, na bomba la maji na choo vikitumiwa na majirani wote. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa kazi ya mateka wa vita wa Kiitaliano, ilikuwa afadhali: ilikuwa na bustani, zahanati, na ukumbi ambao wanasiasa waliufanya bunge lao kabla Waafrika hawajaruhusiwa kuchagua wabunge. Mitaa ya Mbotela na Ofafa ilipewa majina ya madiwani wawili, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa mwaka 1952 na 1953 wakati wa Hali ya Hatari. Aprili 1954 serikali ya kikoloni ikaizingira mitaa hii katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa vizuizini.

Kwa hiyo, miaka mitano baadaye, wakazi walipokwenda uwanja wa ndege wa Embakasi kuwaaga vijana waliokuwa wakienda kusoma Marekani, kulikuwa na mengi ya kukumbuka. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya iliondoka na wanafunzi 81. Mboya alikuwa mwakilishi wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1957, na nguvu zake za kisiasa zilitoka mitaa ya mashariki. Marekani kwenyewe fedha zilichangwa na watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Lakini kabla mwanafunzi hajaifikia pesa ya Belafonte, alihitaji suti, sanduku na fedha za kuanzia maisha. Hizo zilipatikana nyumbani, kwenye karamu za chai na michango ya jamaa na majirani, shilingi juu ya shilingi. Hadi 1963 vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wameshasafirishwa. Wangari Maathai alikwenda katika kundi la 1960. Mwanasiasa Oginga Odinga naye alikuwa akiwatafutia wengine nafasi Urusi na nchi za Ulaya Mashariki, na si ajabu kwamba katika mtaa mmoja mzazi mmoja alisubiri barua kutoka Kansas na jirani yake akasubiri barua kutoka Moscow.

Shule za mitaa zilikuwa na heshima yake pia. Carey Francis, Mwingereza aliyeiongoza Alliance High School kuanzia 1940 hadi 1962, alipostaafu hakurudi kwao. Alikwenda kufundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Pumwani, na hakuiacha kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1966. Mtu aliyewahi kufundisha Cambridge alimalizia siku zake akisahihisha madaftari ya watoto wa Majengo na Eastleigh.

Aliyefaulu kuingia chuoni miaka ya 1960 au 1970 aliihama Eastlands kweli. Kijana aliyekuwa akilala jikoni, pazia likiwa ndilo ukuta wake, alipewa kitanda, meza na taa ya kusomea. Chakula kilipikwa na wapishi wa chuo. Juu ya hayo kulikuwa na posho, ambayo wanafunzi waliiita bumu, na siku bumu lilipotoka maduka ya nguo mjini yalijua. Sehemu yake ilivuka mji kurudi mashariki: sukari na kitenge kwa mama, karo ya mdogo wake. Wanafunzi walikuwa wachache, hawakufika 3,000 mwaka 1970, na serikali ilikuwa na haja nao, kwa kuwa ofisi zilizoachwa na Waingereza zilikuwa bado hazijajaa. Kumhudumia mwanafunzi kama mgeni wa heshima hakukuwa ukarimu mtupu.

Ukarimu huo pia ulikuwa na mipaka. Januari 1969 Odinga alizuiwa kuhutubia chuoni, wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa. Baada ya kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki Machi 1975, wanafunzi waliingia barabarani, na kumbukumbu ya kifo chake ikawa kila mwaka sababu ya kukimbizana na polisi. Chuo kilipofungwa, mwanafunzi wa Kakamega au Kitui alitafuta basi la kwenda kwao. Wa Bahati alibeba sanduku lake akavuka mji tu, na mara nyingi hakufika nyumbani peke yake, maana mwenzake wa mbali asiye na nauli alihitaji pa kulaza kichwa.

Mwaka 1982 ndio uliotia hofu kubwa zaidi. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti lilifanywa na askari wa Jeshi la Anga, waliokuwa na kambi Eastleigh na Embakasi, na baadhi ya wanafunzi walitoka kuwashangilia. Jaribio lilizimwa siku hiyo hiyo. Chuo kilifungwa hadi mwaka uliofuata, na wanafunzi wakaamriwa kwenda kuripoti kwa machifu wao. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi SONU, alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akafia gerezani mwaka 1988. Kitambulisho cha chuo, ambacho kijana wa mtaani alikuwa akikitoa kwa majivuno polisi wakimsimamisha, sasa kilikuwa karatasi ya kuficha.

Hata hivyo siasa za chuo na za mitaa hazikutengana. Mikutano ya wanafunzi ilikuja kuitwa kamukunji, kwa jina la uwanja ulio kati ya Pumwani, Shauri Moyo na Gikomba, mahali wapinzani walipoitisha mkutano wa Saba Saba tarehe 7 Julai 1990 na serikali ikawajibu kwa marungu, gesi ya machozi na risasi.

Mwaka huo huo 1990 jambo la kawaida zaidi, la hesabu za wanafunzi, lilibadili maisha kuliko maandamano yoyote. Kundi la mwisho la kidato cha sita na kundi la kwanza la mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 yalikuwa yamemaliza shule pamoja, na vyuo vikalazimika kuyapokea yote mawili. Vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 1991, chini ya shinikizo la wakopeshaji wa nje, serikali ilianzisha mpango wa wazazi na wanafunzi kuchangia gharama. Bumu likaondolewa, na mwanafunzi akaanza kulipia sahani yake kila alipokula. Kulikuwa na ghasia, na vyuo vikafungwa tena, lakini mpango ulibaki. Bodi ya mikopo ya HELB ikaundwa mwaka 1995, na wale walioukumbuka utaratibu wa zamani wakaishia kuusimulia tu.

Hapo ndipo safari ikageuka. Wanafunzi wengine waliokosa vitanda walijibana vyumbani mwa wenzao kwa siri, na hao waliitwa maharamia. Wengine waliamua kutafuta chumba mitaani, na chumba cha bei nafuu kilikuwa Huruma, Eastleigh, Umoja, Kayole, Dandora. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza mwaka 1998 kupokea wanafunzi wa kujilipia, vijana na watu wazima waliojiandikisha hawakuahidiwa kitanda kabisa. Walikuwemo walimu, makarani na askari waliotoka kazini jioni wakaingia darasani mpaka usiku. Wenzao waliolipiwa na serikali waliwacheka kuwa wamenunua nafasi. Kicheko hicho hakikuwa cha haki: ada za hao waliochekwa ndizo zilizoviwezesha vyuo kupumua.

Mitaa ilikuwa tayari kuwapokea, ingawa bila kupanga. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu tano kuanzia 1973 kwa ajili ya watu wa tabaka la kati, ilikuwa na chumba cha mtumishi nyuma ya nyumba nyingi. Chumba hicho, SQ kwa lugha ya mtaani, kikawa makao ya wanafunzi wawili au watatu. Umoja ilianza kwa nyumba ndogo za kununuliwa kwa mkopo, kwa fedha za Marekani. Dandora ilianza kwa viwanja na huduma za msingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Katika mitaa yote miwili wenye viwanja walizidi kuongeza ghorofa, vyumba vikawa vingi na maji yakawa haba. Maisha ya chuo kwa wanafunzi waliokaa mitaani yalikuwa mtungi wa lita 20 kwenye ngazi, chapati na maharagwe kwa mkopo kibandani, na matatu namba 58 yenye muziki wa kupasua masikio saa tatu za usiku. Kwa msichana aliyetoka darasa la jioni kulikuwa na hesabu nyingine: kituo gani kina taa, na nani wa kuteremka naye.

Kusoma kulihitaji mahali. Maktaba ya McMillan katikati ya mji, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958. Baraza la jiji lilipoichukua mwaka 1962, ilikuja kuwa na matawi mawili mashariki, Kaloleni na Makadara. Baada ya miaka mingi ya kuachwa, matawi hayo yalitiwa mkono na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa makubaliano na Kaunti ya Nairobi. Buruburu ina tawi la maktaba ya taifa. Vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020 na masomo kuhamia mtandaoni, kila mtu aliona ni kwa nini mahali kama hapo pana maana: mhadhara wa kampasi uliingia ndani ya chumba chenye ndugu wanne, redio ya jirani na bando linaloisha katikati ya sentensi.

Wenye mitaji wameshaliona soko hilo. Kampuni ya Acorn imejenga hosteli ya Qwetu kando ya Jogoo Road, yenye ulinzi, intaneti na vyumba vya kusomea, karibu kila kitu ambacho chuo kilimpa mwanafunzi wa 1970 bila kumtoza kodi ya nyumba. Kitanda cha humo kinalipiwa kila mwezi, na mtoto wa mtaa wa Maringo aliyeitwa chuo mwaka huu bado analala kwao, juu ya godoro la sebuleni, baada ya wengine kumaliza kutazama taarifa ya habari.